Timu ya Mji ni ya Nani? Soka la Miji Midogo Nyanda za Juu Kusini

Kijana wa kata ya Ruanda, wilayani Mbozi, akitaka kufika Ligi Kuu huku amevaa jezi ya timu ya kwao, ana madaraja matano ya kuvuka. Ataanzia ligi ya wilaya, ambayo wengi huiita daraja la nne. Bingwa wa wilaya huingia ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa hukutana na wenzake katika Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Wachache wanaofaulu huko huingia First League, kisha Championship, na ndipo mlango wa Ligi Kuu unapoonekana. Ni safari ndefu, lakini si ndoto. Timu za sehemu ambazo Watanzania wengi wanazijua kwa chai, mpunga au dhahabu kuliko kwa mpira zimewahi kufika Ligi Kuu: Tukuyu, Mbarali, Chunya. Kwa hiyo swali la kama mji mdogo unaweza kufika limekwisha kujibiwa. Linalobaki ni gumu zaidi: kwa nini timu hizi zikifika hazikai, na kwa nini zikiondoka mji hubaki mikono mitupu? Jibu la haraka ni kwamba hakuna fedha. Mimi naamini historia ya Nyanda za Juu Kusini inatoa jibu jingine. Mji mdogo hutoa jina, wachezaji, uwanja na sauti za mashabiki, ila karatasi ya usajili hukaa mfukoni mwa mtu au taasisi ambayo haikufungamana na mji huo. Siku mwenye karatasi akichoka, akifilisika au akipata mnunuzi, timu inakwisha, hata kama mpira wenyewe ulikuwa haujapungua kitu.

Tuanzie chini kabisa, kwenye mpira usio na karatasi. Mchezo huu ulitua kwanza pwani, kwenye shule za wamisheni za Zanzibar, ukapanda bara kupitia shule, misheni na kambi za kazi. Mbozi ilikuwa na misheni ya Moravian tangu mwishoni mwa karne ya 19, ikapata kahawa, na baadaye ikapitiwa na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kupitia Mlowo, Vwawa na Tunduma kuelekea Kapiri Mposhi. Shule, zao la biashara na njia ya usafiri: penye mambo hayo matatu mpira haukosekani. Mpaka leo ndondo za vijijini, mashindano yasiyo rasmi, hushamiri wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa na nafasi na fedha ya mavuno ikiwa mikononi. Mistari ya uwanja huchorwa kwa majivu au chokaa. Goli ni miti mitatu, na wavu pengine huonekana siku ya fainali tu. Timu iliyomaliza mechi huvua jezi, na inayoingia huzivaa kabla jasho halijakauka. Mshindi hupewa mbuzi, na mwaka ukiwa wa neema, ng'ombe. Mpira wa namna hii haujafa kamwe, si katika vita, si katika njaa, si katika miaka ya foleni za sukari. Umedumu kwa sababu ni mali ya wanaoucheza na wanaousimamia. Hakuna anayeweza kuuhamisha, kwa kuwa hakuna anayeushika peke yake. Ukweli huu tuubebe tunapopanda ngazi, maana kila daraja linaloongezwa juu yake linaipeleka timu mbali zaidi na wenyewe.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo leo tunaiita Simba. Mwaka 1967 ukaleta Azimio la Arusha, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Michezo ikawa jambo la nchi, na uchumi ukawa wa mashirika ya umma. Haikuchukua muda mambo hayo mawili yakaoana. Ukisoma majina ya timu zilizotamba mikoani katika miaka ya 1970 na 1980 ni kama unasoma orodha ya waajiri: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, RTC ya Kagera, Bandari ya Mtwara, na hapa kwetu Mecco ya Mbeya, timu ya kampuni ya ujenzi. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi na ulifanya kazi. Mchezaji aliajiriwa na shirika, akapata mshahara, mara nyingine na nyumba. Timu ikasafiri kwa gari la shirika. Mji ukapata burudani ya kiwango ambacho viingilio vya mlangoni visingeweza kulipia. Anayeubeza mfumo huo leo anasahau kwamba ndio uliowapa watu wa mikoani nafasi ya kuwaona Simba na Yanga wakitoka jasho la kweli ugenini. Lakini ulikuwa na kasoro moja iliyofichika wakati wa neema: timu ilibeba jina la mji, ila uhai wake ulikuwa mstari mmoja katika bajeti ya shirika, na wananchi hawakuwa na kauli juu ya mstari huo.

Tukuyu Stars ndiyo ushahidi mkubwa wa nguvu ya mji mdogo, na pia wa udhaifu wake. Tukuyu ni makao ya wilaya ya Rungwe, mji wa mvua nyingi katikati ya chai na migomba. Mwaka 1986 timu yake, ambayo mashabiki waliiita Banyambala, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Haikuwa timu ya Dar es Salaam, wala ya makao makuu ya mkoa, wala haikuwa na shirika kubwa nyuma yake kama Reli au Pamba. Iliwashinda wakubwa kwa vijana. Kilichofuata kinajulikana kwa kila mpenzi wa soka wa kusini: vijana walianza kuchukuliwa. Sekilojo Chambua, aliyekuja kuwa miongoni mwa viungo wanaokumbukwa zaidi Yanga na timu ya taifa, alitokea Tukuyu. Timu ikashuka, ikapotelea madaraja ya chini, ikawa simulizi. Watu husema hiyo ni kawaida, samaki mkubwa humla mdogo. Ni kweli wakubwa huchukua wachezaji kila mahali duniani. Lakini klabu iliyojijenga huuza mchezaji, ikatumia fedha hiyo kumlea mwingine. Rungwe ilikuwa na vipaji vya kuzaa kizazi cha pili na cha tatu. Ilichokosa ni klabu ya kudumu, yenye wanachama, hesabu na mali, ambayo ingepokea thamani ya kizazi cha kwanza na kuipanda tena.

Miaka michache baadaye mfumo wa mashirika nao ulianguka. Kuanzia 1992 Serikali ilianza kuyarekebisha na kuyauza mashirika ya umma, na mwekezaji aliyenunua kiwanda au kampuni hakuona sababu ya kulipa mishahara ya washambuliaji. Timu nyingi za mikoani zilizimika kimyakimya, moja baada ya nyingine. Wakazi wa Tunduma hawakuhitaji kwenda mbali kuona kwamba jambo hili halikuwa la Tanzania pekee. Ng'ambo ya mpaka, kwenye ukanda wa shaba wa Zambia, klabu zililelewa na migodi: Nkana ya Kitwe ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1990, na Power Dynamos, ya Kitwe pia, ikatwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1991. Migodi ya kampuni ya umma ya ZCCM ilipouzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, soka la ukanda ule liliyumba, na Mufulira Wanderers, jina lililokuwa likitisha Zambia nzima, likaonja kushuka daraja. Nchi mbili zenye uchumi tofauti, moja ya kilimo na moja ya shaba, zilipata ugonjwa mmoja. Sababu ya ugonjwa huo haiwezi kuwa umaskini wa Mbeya au uvivu wa Mtwara. Iko kwenye namna timu zilivyomilikiwa.

Tazama sasa upande wa pili wa ushahidi, yaani timu za ukanda huu ambazo zimekataa kufa. Tanzania Prisons ya Mbeya imepanda na kushuka, na msimu wa 2020/21 ililazimika kupeleka mechi za nyumbani Sumbawanga, lakini ipo. Mwenyewe ni Jeshi la Magereza, taasisi isiyouzwa. Mbeya City, iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji mwaka 2011, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 na katika msimu wake wa kwanza, chini ya kocha Juma Mwambusi, ikamaliza nafasi ya tatu. Mashabiki wake waliifuata mikoani kwa mabasi na nyimbo, jambo ambalo kabla ya hapo wengi walidhani ni la Simba na Yanga tu. Mwaka 2023 ilishuka. Kwa timu ya mfadhili mmoja huo ungekuwa mwisho. Mbeya City ilikaa Championship misimu miwili, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2025. Sisemi halmashauri ni mmiliki bora. Fedha za umma zina kazi nyingi za haraka kuliko mpira, na timu inayoishi kwa uamuzi wa kikao cha madiwani ina mashaka yake. Ninachosema ni kwamba halmashauri haiwezi kuhama. Ikishindwa, inashindwa mbele ya watu walewale, na inajaribu tena mbele yao.

Linganisha na Mbarali. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, katikati ya mashamba ya mpunga, Ihefu, timu ya Mbarali, waliifunga Yanga mabao 2-1. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Siku hiyo nchi nzima ilijifunza kutamka jina la bonde oevu la Usangu linalolisha Mto Ruaha Mkuu, na Oktoba 2023 Yanga waliporudi palepale walifungwa tena, mabao yaleyale 2-1. Ndani ya mwaka mmoja timu ile ilikuwa Singida, ikicheza katika uwanja wa Liti, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Hakuna sheria iliyovunjwa. Nafasi ya Ligi Kuu ni mali, na mwenye mali ana haki ya kuipeleka anakotaka. Watu wa Singida nao wana haki ya kupenda mpira mzuri. Lakini fikiria kilichobaki Ubaruku: uwanja, kumbukumbu, na watoto ambao jioni moja walishuhudia kwamba mtu wa kwao anaweza kumfunga bingwa. Timu ilishinda kila ilichopaswa kushinda uwanjani. Haikuondoka kwa kushuka daraja wala kwa kukosa mashabiki. Iliondoka kwa saini. Anayesema miji midogo hupoteza timu kwa sababu haifanyi vizuri atueleze Ihefu walikosea wapi.

Songwe ina sehemu yake katika historia hii. Kabla ya mkoa kuzaliwa mwaka 2016, vijana wa Mbozi, Momba na Ileje walipigania nafasi chini ya Mbeya, pamoja na timu za jiji. Hata hivyo Mbozi ilitoa Kimondo, timu iliyojiita kwa jina la jiwe la chuma lililotoka angani na kutulia Ndolezi, lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Kimondo ilicheza Ligi Daraja la Kwanza, ambayo leo ni Championship, kwa misimu kadhaa katikati ya miaka ya 2010, ikikutana na Lipuli ya Iringa, Majimaji ya Songea na Njombe Mji, hatua moja tu chini ya Ligi Kuu. Mkoa mpya ulileta chama chake cha soka na bingwa wake, na msimu wa 2024/25 jina la Songwe United likaonekana Championship. Hapa kuna fundisho ambalo hutajwa kwa nadra: mipaka ya utawala hutengeneza timu. Songwe ina watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya 2022, na Tunduma ni mji wa mpakani wenye maelfu ya malori, maduka na fedha za aina mbili zikibadilishwa mchana kutwa. Huwezi kusema mahali kama hapo hapana uwezo wa kulisha timu moja ya daraja la pili toka juu. Mwenye duka Tunduma, mkulima wa kahawa wa Ruanda na dereva wa lori wa Mlowo hawajawahi tu kuulizwa kama wangependa kuwa wenye timu, badala ya kuwa watazamaji wake.

Marekani imelipitia suala hili la umiliki kwa kiwango kikubwa zaidi, katika mchezo wa besiboli. Mwaka 1949 nchi ile ilikuwa na ligi ndogo 59, zikivuta watazamaji takriban milioni 40, nyingi zikiwa katika miji isiyopishana sana na Vwawa au Tukuyu. Tangu miaka ya 1920 Branch Rickey, kiongozi wa St. Louis Cardinals, alikuwa ameanza kuzigeuza timu za miji midogo kuwa vitalu vya klabu yake kubwa. Kitalu kilileta fedha na uhakika, na wengi walishukuru. Kisha ikaja televisheni, watu wakakaa nyumbani, na ligi nyingi zikafa. Zilizosalia zilikaa chini ya uamuzi wa wakubwa, na kabla ya msimu wa 2021 wakubwa walipunguza timu za vitalu kutoka 160 hadi 120. Miji zaidi ya 40 ikapoteza nafasi hizo, mingi ikibaki na viwanja vilivyojengwa kwa kodi za wakazi. Nchi hiyohiyo ina mfano wa pili. Green Bay, mji mdogo wa Wisconsin, una timu katika ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, na ingali hapo kwa sababu tangu 1923 hisa zake zimeshikwa na mashabiki, hazilipi gawio, wala hakuna mtu mmoja anayeweza kuihamisha. Miji mikubwa mara kumi imepoteza timu. Green Bay haijapoteza.

Najua pingamizi la kwanza: bila mfadhili hakuna timu kabisa, na bora timu ya miaka mitano kuliko kutokuwa nayo. Pingamizi hili lina uzito. Nauli ya kutoka Mbozi kwenda kucheza Mara au Kagera, kambi, posho, waamuzi na matibabu haviwezi kulipwa kwa viingilio vya uwanja wenye ukuta upande mmoja. Wafadhili wamelibeba soka la mikoani, na Namungo ya Ruangwa, iliyopanda 2019 na kufika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, isingefika kwa michango ya sokoni peke yake. Lakini kufadhili na kumiliki ni mambo mawili. Simba ilipoingia kwenye mabadiliko ya uendeshaji, msimamo wa Serikali ulikuwa kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Nchi iliona wazi kwamba klabu yenye historia haipaswi kuwa mali ya mtu mmoja. Naomba mantiki hiyo ishuke madaraja. Kama mwanachama wa Kariakoo analindwa, kwa nini mkulima wa Ubaruku asilindwe? Kanuni inayodai sehemu ya usajili ibaki mikononi mwa wanachama wa mahali timu ilikopandia haimfukuzi mfadhili. Inamwambia tu kwamba akiondoka, aondoke na fedha zake na aache jina, daraja na wachezaji.

Pingamizi la pili ni la watu waliochoshwa na migogoro. Wanachama, wanasema, hugombana: mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970 ulizaa Pan African, na vyama vya soka vya mikoa vimejaa kesi za uchaguzi. Ni kweli. Lakini tuangalie matokeo, tusiishie kwenye kelele. Yanga, iliyoanzishwa 1935, imegombana tangu enzi za mkoloni na ingali Jangwani. Timu nyingi zilizoendeshwa kwa utulivu wa bosi mmoja hazipo tena. Mbozi haihitaji kwenda mbali kupata mfano, kwa sababu imekulia kwenye ushirika wa kahawa. Vyama vya ushirika vimeibiwa, vimedorora, na mwaka 1976 Serikali ilivifuta kabisa vyama vikuu kabla ya sheria ya 1982 kuvirudisha. Wakulima wanavilalamikia kila msimu. Hata hivyo bado wanapeleka kahawa kwenye vyama vyao vya msingi (AMCOS), wanapiga kura, wanamwondoa mwenyekiti, wanasoma mizani wenyewe. Mkulima anayejua kuuliza kwa nini kilo zake zimepungua anaweza pia kuuliza fedha za mauzo ya winga zimekwenda wapi.

Lipo pingamizi la tatu, la upole zaidi: watu wa miji midogo wana Simba na Yanga, na Azam TV, ambayo mwaka 2021 ilisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu, imewaletea hao nyumbani. Wanahitaji nini zaidi? Sioni ubaya wowote mtu wa Ruanda kuvaa jezi nyekundu au ya kijani na njano. Ushabiki huo umeiunganisha nchi hii kuliko mambo mengi. Ila televisheni inampa mtu timu ya kuipenda tu. Haimpi kijana wa kata yake mahali pa kuanzia, wala haimfundishi mweka hazina wa klabu ya wilaya kutunza daftari. Hata viwanja vikubwa vya mikoa, vingi vikiwa vimejengwa enzi za chama kimoja kwa michango na nguvu za wananchi, vilibaki mali ya CCM baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992. Mwananchi wa mkoani alichangia saruji, akatoa watoto, akajaza jukwaa, na katika kila hesabu ya umiliki hajatajwa.

Ndiyo maana sioni haja ya kuomba mfadhili mpya kama mvua. Hatua ya kwanza inafanyika ofisini, kwa msajili wa vyama vya michezo: timu ya kata au wilaya iandikishwe kwa katiba inayotaja wanachama wake, inayokataza kuuzwa kwa daraja bila kura yao, na inayosema sehemu ya fedha za kila mchezaji anayeuzwa itabaki kulea vijana. Shirikisho la soka la taifa, TFF, liweke sharti kwamba timu haihamishwi mkoa bila ridhaa ya wanachama hao. Hatua ya pili ni ya halmashauri: uwanja mmoja wenye ukuta, vyoo na hati kwa jina la wananchi. Baada ya hapo mwenye fedha na aje, apokelewe kwa heshima, jina lake liandikwe kifuani mwa jezi. Tukuyu walitwaa ubingwa na Ubaruku walimfunga bingwa. Uwanjani kusini haina deni na mtu. Kazi iliyobaki ni kwamba siku timu ya Mbozi itakapovuka madaraja yale matano, mkulima wa Ruanda awe na kadi ya uanachama mfukoni, na kura yake ihesabiwe kabla mtu hajatia saini ya kuiondoa.